Negativu Si Kinga

Muulize muuguzi, mkunga au mhudumu wa usafi kama amechanjwa homa ya ini, na si ajabu akakujibu, "Ndiyo, kadi ninayo." Ukiomba kuiona anakutolea kile kijitabu cha njano cha wasafiri. Hicho ni cha homa ya manjano, ugonjwa unaoenezwa na mbu. Homa ya ini B ni kirusi kingine na chanjo nyingine kabisa. Lugha ndiyo imetutega hapa: manjano, homa ya manjano, homa ya nyongo, homa ya ini, zote zinazunguka rangi ileile ya macho, na mtu aliyechomwa sindano moja kwa ajili ya safari anaingia leba akijiona amekingwa.

Kinachochekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni kwamba chanjo ya homa ya manjano iliwahi kuleta homa ya ini. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilichanja askari wake kwa chanjo iliyochanganywa na seramu (maji ya damu) ya binadamu ili isiharibike. Baadhi ya waliotoa seramu hiyo walikuwa na kirusi bila kujijua. Askari wapatao 50,000 walilazwa wakiwa na macho ya njano, na uchunguzi uliofanywa miongo kadhaa baadaye ukakadiria walioambukizwa kuwa kama 330,000. Hata hiyo haikuwa mara ya kwanza. Kule Bremen, Ujerumani, mwaka 1883, wafanyakazi 1,289 wa kiwanda cha meli walichanjwa ndui kwa majimaji yaliyotolewa kwa binadamu, na 191 wakapata manjano. Kwa hiyo ugonjwa huu tangu zamani umekuwa ukisafiri na sindano ya mtu aliyekuja kutibu, na hospitalini ndiko ulikozoea.

Kirusi chenyewe kina tabia mbili zinazokisaidia. Kwanza kinajaa kwenye damu: mililita moja ya damu ya mtu mwenye virusi vingi inaweza kubeba zaidi ya milioni mia moja. Pili ni kivumilivu. Damu iliyokauka kwenye reli ya kitanda, kwenye trei ya sindano au kwenye kitasa cha mlango inaweza kuambukiza hadi siku 7 baadaye, hata kama doa lenyewe halionekani kwa macho. Ndiyo maana watu wa kuzuia maambukizi hukariri tarakimu tatu: 30, 3, 0.3. Ukichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B nawe huna kinga, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika asilimia 30. Kwa homa ya ini C ni kama 3, na makadirio ya karibuni yako chini ya hapo. Kwa VVU ni 0.3. Hiyo 30 ni ya mgonjwa ambaye kirusi kinazaliana kwa kasi, yule ambaye kipimo cha HBeAg ni chanya. Kwa mwingine hushuka hadi kama 6. Hata hiyo 6 ni mara ishirini ya VVU. Pamoja na hayo, mtu akijichoma usiku wa manane, swali la kwanza wodini huwa ni la VVU, na mara nyingi ndilo la mwisho.

Kipimo kinachopatikana kila kona ni HBsAg. Kinatafuta protini ya ganda la nje la kirusi. Mtafiti wa Marekani Baruch Blumberg na wenzake waliiona miaka ya 1960 katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, ndiyo maana vitabu vya zamani vya maabara vinaiita antijeni ya Australia, na mwaka 1976 Blumberg akapewa tuzo ya Nobel. HBsAg ikipatikana, mtu ana kirusi mwilini sasa hivi. Isipopatikana, karatasi inaandikwa "negativu", mwenyewe anashusha pumzi, na kosa linaanzia hapo.

Lakini tuangalie kwanza utepe wenyewe wa kupimia HBsAg, maana hata hiyo negativu inaweza kuharibikia mezani. Aina iliyozoeleka hutumbukizwa kwenye seramu, si kwenye damu nzima, isipokuwa kipeperushi kilichomo kwenye boksi kiwe kimeruhusu. Damu inachukuliwa kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, inaachwa nusu saa igande, inazungushwa kwenye mashine, kisha yanachukuliwa yale maji ya kimanjano yaliyobaki juu. Utepe unashushwa wima, mishale ikitazama chini, kwa sekunde 10 hadi 15, bila maji kuvuka mstari wa mwisho uliochorwa. Unalazwa juu ya sehemu kavu na saa inaanza kuhesabu. Unasomwa dakika ya 15. Baada ya dakika 30 hausomwi tena, kwa sababu utepe ukikauka unaweza kuchora kivuli cha mstari ambao haukuwapo.

Sasa weka foleni ya watu arobaini mbele ya meza hiyo. Mwingine anasomewa dakika ya tano, kabla mstari hafifu haujapata muda wa kujitokeza. Mwingine anasomewa baada ya chai. Kopo la tepe limeachwa wazi tangu asubuhi, na unyevu wa Tanga au Mombasa hauhitaji siku nzima kuziharibu. Boksi limeandikwa nyuzi 2 hadi 30, na chumba kisicho na feni mwezi wa pili kinavuka hapo bila mtu kutazama kipimajoto. Seramu iliyochukuliwa haraka kabla damu haijaganda vizuri inabaki na nyuzinyuzi zinazoziba utepe. Mstari wa udhibiti, ule unaoonyesha kwamba utepe umefanya kazi, usipotokea, kipimo hicho hakina jibu. Hakiandikwi negativu, kinarudiwa kwa utepe mpya. Na mstari hafifu ni mstari. Tabia ya kuuinua utepe dirishani, kuugeuza huku na huku, kisha kuandika negativu kwa sababu "haujakolea" imewaacha watu wengi na kirusi wasichokijua. Unaandikwa chanya, na damu inapelekwa kuthibitishwa kwa mashine.

Tuseme yote yamefanyika sawasawa na jibu ni negativu. Limejibu swali moja tu: je, leo kuna ganda la kirusi la kutosha kuonekana kwenye damu hii? Halijasema kama una kinga. Halijasema kama uliwahi kuugua ukapona. Wala halijasema kitu kuhusu sindano iliyokuchoma jana, kwa sababu HBsAg huonekana kwa wastani wa wiki 4 baada ya maambukizi, na wakati mwingine huchukua hadi wiki 9. Hicho ndicho kipindi cha dirisha, na ndicho kinachowasumbua watu wa benki ya damu: mchangiaji anaweza kupita kwenye kipimo huku damu yake ikiwa tayari ina kirusi.

Kwa mfanyakazi wa hospitali vipimo vinavyoeleweka ni vitatu vikisomwa pamoja. HBsAg tumeshaisema. Anti-HBs ni kinga ya mwili dhidi ya lile ganda, na hupatikana kwa chanjo au kwa kuugua na kupona. Anti-HBc ni alama ambayo mwili huitengeneza ukikutana na kiini cha kirusi. Chanjo imetengenezwa kwa ganda peke yake, haina kiini, kwa hiyo mtu mwenye anti-HBc amekutana na kirusi chenyewe, hata kama ni zamani za utotoni.

Vitatu vyote vikiwa hasi, hujawahi kuambukizwa na huna kinga yoyote. Huyu ndiye mwenye ile karatasi ya "negativu" anayoifurahia, na ndiye aliye hatarini kuliko wote wodini. Anti-HBs ikiwa chanya peke yake, ni chanjo iliyoshika. Anti-HBs na anti-HBc zikiwa chanya pamoja, HBsAg hasi, mtu aliugua akapona. Hahitaji chanjo, ila ajue kwamba mabaki ya kirusi hulala ndani ya seli za ini maisha yote. Akija kupewa rituximab (dawa inayopunguza seli za kinga), dawa za saratani au dozi kubwa ya steroidi kwa muda mrefu, kinaweza kuamka, na kuamka huko huua. Kwa hiyo kabla ya dripu ya kwanza ya dawa hizo, HBsAg na anti-HBc vinapimwa vyote viwili. Kupima HBsAg pekee hapo ni kufunga mlango na kuacha dirisha.

HBsAg chanya pamoja na anti-HBc ni maambukizi. Kama ni mapya au ya zamani, kipimo cha IgM (aina ya awali) cha anti-HBc husaidia, ingawa nacho huweza kuwa chanya pale ugonjwa sugu unapolipuka. Hukumu rasmi ya usugu inangoja miezi 6: HBsAg ikiwa bado ipo baada ya hapo, ni sugu. Umri una neno kubwa hapa. Kwa mtoto aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa, 9 kati ya 10 hubaki nacho. Kwa mtu mzima mwenye afya njema, chini ya 5 kati ya 100. Kwa hiyo wahudumu wengi wanaokutwa na HBsAg hawakuipata kazini hata kidogo. Walizaliwa nayo au waliipata wakicheza na wenzao wakiwa wadogo. Msimamizi anayemnyooshea kidole nesi wake aanze kwa kulijua hilo.

Kuna na jibu moja linalowachanganya hata madaktari: anti-HBc chanya peke yake, mengine yote hasi. Huenda mtu alipona zamani na kinga yake ya ganda imefifia. Huenda yuko dirishani, HBsAg imeondoka na anti-HBs bado haijaja. Huenda kipimo kimekosea. Au kirusi kipo kwa kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa HBsAg, na kinachohitajika ni kipimo cha DNA ya kirusi. Usikisie. Rudia vipimo, na kama DNA inapatikana, ipimwe.

Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga homa ya ini B mwaka 2002, ikiunganishwa na chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, na tangu 2009 imo ndani ya pentavalenti (chanjo ya magonjwa matano) ya wiki ya 6, 10 na 14. Piga hesabu: aliyezaliwa kabla ya 2002 hakuipata kliniki ya watoto. Kwa hiyo sehemu kubwa ya walioko zamu leo wanategemea chanjo ya ukubwani au hawana kabisa.

Ya ukubwani ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6 tangu ile ya kwanza. Dozi ya kawaida kwa mtu mzima ni mililita 1 yenye mikrogramu 20. Huchomwa kwenye msuli wa bega. Si tako: pale mafuta ni mengi, chanjo hukwama humo na mwili hautengenezi kinga ya kutosha. Aliyechelewa dozi ya pili au ya tatu haanzi upya, anaendelea alipoishia. Mwanafunzi anayeingia wodini baada ya wiki chache ana ratiba ya haraka ya siku ya 0, 7 na 21, lakini hiyo inadai dozi ya nne baada ya miezi 12, na hiyo ya nne ndiyo husahaulika kwa sababu mwenyewe ameshahamia wodi nyingine.

Na chanjo yenyewe? Inatunzwa nyuzi 2 hadi 8, na adui yake mkubwa ni barafu kuliko joto. Ikifika nyuzi 0.5 chini ya sifuri inaganda, chumvi ya aluminiamu iliyomo hushikana mabonge, na nguvu yake inapotea. Ikiyeyuka tena inaonekana kama maziwa ya kawaida. Chupa zilizobanwa na ukuta wa nyuma wa friji ya kawaida, au zilizogusana na barafu ngumu ndani ya kisanduku cha kubebea, ndizo zinazoganda. Zipo njia za kuzigundua: chukua chupa unayoishuku na nyingine ya toleo lilelile uliyoigandisha makusudi ikayeyuka, zitikise pamoja, ziweke mezani, tazama. Ile iliyoganda hutua haraka, chini kunabaki tope na juu maji maangavu. Unayoishuku ikitua kwa kasi ileile, itupe.

Dozi tatu zimekwisha, bado hujui kama una kinga. Kati ya watu wazima 100, kama 5 hadi 10 miili yao haiitikii. Umri zaidi ya miaka 40, unene na sigara huongeza idadi hiyo. Kinachojibu ni anti-HBs ya kiwango, yaani yenye namba, inayopimwa mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho. Ikifika 10 (mIU/mL) au zaidi, umekingwa, na hata namba ikishuka miaka ya baadaye kumbukumbu ya mwili hubaki. Ikiwa chini ya 10, unarudia dozi tatu na kupima tena. Ikikataa mara ya pili, unapimwa HBsAg kuhakikisha huna kirusi tayari, kisha unajulikana kuwa mtu asiyeitikia, na taarifa hiyo inakaa kwenye faili lako kama kundi la damu. Tatizo ni kwamba ukipima miaka 8 baadaye ukakuta 4, huwezi kujua kama hukuwahi kuitikia au namba imeshuka tu kwa umri. Damu ya mwezi wa pili baada ya dozi ya tatu ndiyo rahisi na ndiyo yenye maana. Kwa maoni yangu, hospitali inayochanja wafanyakazi wake bila kipimo hicho imefanya nusu ya kazi na kuhesabu yote.

Tahadhari moja kwa wasafiri. Wanaokwenda kufanya kazi Oman, Saudia au Imarati hupimwa HBsAg kabla ya viza. Chanjo yenyewe ni ganda la kirusi, na kwa hadi siku 18 baada ya kuchomwa inaweza kuonekana kwenye damu kama ugonjwa. Mtu anayekwenda kuchanjwa wiki moja kabla ya vipimo "ili awe salama" anaweza kuandikiwa kwamba hafai. Pima kwanza, ndipo uchanjwe.

Sasa ile saa yenyewe. Saa nane usiku, kanula imetoka kwenye mshipa, mkono unatafuta pa kuiweka, mgonjwa anarusha mguu. Sindano imeingia kidoleni.

Vua glovu. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usibinye, usinyonye, usimwagie jiki; kubinya kunachokonoa nyama na jiki inaichoma, na hakuna ushahidi kwamba vinaondoa kirusi. Kama damu imeruka jichoni, suuza kwa maji safi au ya chumvi dakika 15. Kisha mwambie msimamizi wa zamu na uandike: saa ngapi, sindano ya aina gani, imezama kiasi gani, namba ya faili la mgonjwa. Sindano yenye tundu iliyotoka kwenye mshipa hubeba damu nyingi kuliko ya kushonea, na tofauti hiyo inahesabika.

Mgonjwa anaombwa ridhaa na kupimwa HBsAg, VVU na homa ya ini C. Wewe unapimwa pia usiku huohuo. Si kwa sababu kirusi cha saa moja iliyopita kitaonekana. Ni ili ijulikane ulikuwaje kabla. Kama faili lako lina anti-HBs iliyowahi kufika 10, kwa upande wa homa ya ini B huna cha kufanya. Rudi kazini ukiweza. Kama hukuchanjwa na mgonjwa ni chanya, unahitaji vitu viwili, ikiwezekana ndani ya saa 24: dozi ya kwanza ya chanjo, na sindano ya kinga iliyo tayari, ile inayoitwa HBIG, mililita 0.06 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anapata mililita 3.6, kwenye msuli tofauti na ule wa chanjo. HBIG baada ya siku 7 haijulikani kama inasaidia. Ni ghali na hospitali nyingi za wilaya hazina. Ikikosekana, usingoje, chanjo inaanza peke yake usiku huo. Asiyeitikia chanjo, aliyeshindwa mara mbili, yeye hana njia ila HBIG: moja sasa, nyingine baada ya mwezi. Jua mapema inapatikana hospitali gani. Kuulizia saa tisa usiku ni kuchelewa.

Kuna mtego hapa ambao haumo kwenye mabango ya ukutani. Dawa za siku 28 za kuzuia VVU, ambazo lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, zina tenofovir na lamivudine. Zote mbili hukandamiza pia kirusi cha homa ya ini B. Mtu mwenye homa ya ini sugu asiyoijua akizimeza siku 28 na kuziacha, kirusi huinuka ghafla na ini linaweza kuwaka moto. Kwa hiyo HBsAg ya mwanzo si ya kumridhisha mhasibu. Ndiyo inayoamua dawa zitaachwa vipi. Baada ya hapo, kwa aliyekuwa hana kinga, HBsAg na anti-HBc hurudiwa mwezi wa 6. Aliyepewa HBIG asipimwe anti-HBs mapema, maana atasoma kinga ya kuazima akadhani ni yake.

Watu wanadhani hatari kubwa iko chumba cha upasuaji. Mimi ningekwenda kwanza kwenye njia ya taka. Mkunga anaiona sindano; mhudumu wa usafi anakutana nayo gizani, ndani ya mfuko mweusi wa takataka za kawaida ambamo haikutakiwa kuwa. Anaubeba mfuko ukigonga paja lake. Chumba cha kufulia nako, sindano hutoka ndani ya shuka la leba. Hawa wawili mara nyingi wameajiriwa na mzabuni, na orodha ya chanjo ya hospitali huishia kwa waliomo kwenye daftari la mishahara. Boksi la sindano linafungwa likijaa robo tatu, halikandamizwi kwa mkono ili liingie moja zaidi, na linakaa pale sindano inapotumika. Likiwa kona ya mbali, mtu atarudishia mfuniko ili aweze kutembea nayo, na kurudishia mfuniko ndiko kunakochoma vidole.

Kwa mgonjwa njia ni nyingine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2000 sindano zisizo salama ziliambukiza watu milioni 21 homa ya ini B. Kosa lenyewe ni dogo: kubadili sindano na kubakiza bomba lilelile. Unapovuta sindano kutoka mwilini, damu kidogo hurudi kwenye shingo ya bomba. Sindano mpya juu ya bomba la zamani ikiingia kwenye chupa ya lignocaine (dawa ya ganzi) ya mililita 50, chupa nzima imechafuka, na wagonjwa wote wa siku hiyo wa chumba cha upasuaji mdogo wanachota humo. Sindano iliyoachwa imechomekwa kwenye mpira wa chupa "ili kurahisisha" inasema jambo hilohilo.

Kipimo cha sukari nacho kimeua. Mwaka 2010, katika nyumba ya kutunzia wazee huko North Carolina, Marekani, wakazi 8 waliambukizwa homa ya ini B na 6 wakafa. Wafanyakazi walikuwa wakitumia kalamu moja ya kutobolea vidole kwa watu tofauti. Kubadili kisindano cha ndani hakutoshi, kwa sababu damu hushika kwenye kichwa cha kalamu. Kalamu ya aina hiyo ni ya mtu mmoja, kama mswaki. Wodini zinatumika zile za kutoboa mara moja na kutupwa, na mashine yenyewe inafutwa baada ya kila mgonjwa.

Chumba cha kusafishia damu kwa wagonjwa wa figo kina sheria zake, na zilitokana na vifo: milipuko ya miaka ya 1960 na 1970 iliua wagonjwa na wahudumu, pamoja na ule wa Edinburgh wa 1969 hadi 1970. Mgonjwa mpya anapimwa vile vipimo vitatu kabla ya kuunganishwa na mashine. Asiye na kinga anarudia HBsAg kila mwezi, na damu inachukuliwa kabla ya chanjo, si siku chache baada yake. Aliye chanya anapata chumba chake, mashine yake, trei yake, na muuguzi ambaye katika zamu hiyo hawahudumii wasio na kinga. Kichujio chake hakitumiki tena. VVU na homa ya ini C hazidai mashine ya peke yake. B inadai, kwa sababu ya ile damu kavu ya siku 7. Chanjo yao ni mikrogramu 40, maradufu, na anti-HBs hupimwa kila mwaka. Ikishuka chini ya 10 wanaongezwa dozi.

Damu iliyomwagika sakafuni inafunikwa na kufutwa kwanza, ndipo klorini ya asilimia 0.5 inafuata kwa dakika 10. Ukimwaga klorini juu ya damu nzito, damu ndiyo inayoimaliza. Jiki ya asilimia 3.5 inachanganywa kipimo 1 kwa maji vipimo 6, kila siku upya, kwenye ndoo yenye mfuniko. Ndoo ya juzi iliyo wazi ni maji yenye harufu.

Na ukikutwa chanya? Unaendelea kula sahani moja na wenzako na kufanya kazi. Kirusi hiki hakienei kwa kikombe, kukumbatiana wala kushikana mikono. Mume au mke na watoto wanapimwa na kuchanjwa. Anayefanya upasuaji wa kina, ambapo vidole vinafanya kazi ndani ya mwili na ncha kali hazionekani, anafuatiliwa wingi wa virusi. Mwongozo wa Marekani wa 2012 uliweka yuniti (IU) 1,000 kwa mililita kama kiwango cha kukaa chini yake. Nesi wa wodi hahitaji hata hilo.

Kinachofuata ni ini. Pima AST na ALT (vimeng'enya vya ini) na chembe sahani za damu, kisha piga hesabu inayoitwa APRI: AST gawanya kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara hiyo, zidisha kwa 100, gawanya kwa chembe sahani kwa maelfu. AST 48, kiwango cha juu 40, chembe sahani 180: 1.2 mara 100 ni 120, gawanya kwa 180, unapata 0.67. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 ulishusha mpaka wa kuanza dawa kwa mtu mzima hadi 0.5, kwa hiyo huyu anastahili kuanza. Dawa ni tenofovir miligramu 300 mara moja kwa siku, na kabla ya kidonge cha kwanza vinapimwa kreatinini kwa ajili ya figo, na VVU. Cha VVU hakirukwi: mwenye VVU akipewa tenofovir peke yake, VVU hujifunza kuikwepa. Asiyeanza dawa anarudi kupimwa ALT, na mwenye ini lililosinyaa au ndugu aliyekufa kwa saratani ya ini anapigwa picha ya tumbo kila miezi 6, ajisikie mgonjwa au asijisikie.